Paa Haikuinama

Homa Bay
10 Agosti 1997

Kwa Kerosi mdogo wangu,

Habari za huko Migori? Sisi hapa tuko wazima. Bochaberi wangu anakusalimu, siku hizi yuko darasa la pili na ana mdomo kuliko mwalimu wake. Baba magoti yanamsumbua lakini Sabato hakosi kanisani, anakaa kiti cha nyuma karibu na mlango ili mtu asimwambie asimame aombe. Amesema nikuandikie kwamba mjomba wako anakukumbuka.

Nina shida kidogo. Si unajua hapa kwa huyu kontrakta mimi ni wa kupiga chapa tu. Sasa wamenunua kompyuta, na ndani yake kuna ile programu ya kuchora nyumba uliyoniambia mnayo kwa duka la Suleman. Mchoraji wao alienda Kisumu na hajarudi. Kuna mteja anataka plani ya nyumba ndogo, na anataka paa la hip, lile linaloteremka pande zote, si lile la pande mbili kama la darasa. Kuta nimejaribu mwenyewe, zimekubali. Paa limekataa. Nikilibonyeza linatoka na shimo katikati, halafu upande mmoja unasimama juu kama sikio la mbwa.

Nimeweka disketi ndani ya bahasha na kumpa Mellen wa kanisani, anakuja huko kuona dada yake. Iangalie, tafadhali. Na usimwonyeshe mtu.

Ni mimi dada yako,
Edinah


Migori
19 Agosti 1997

Dada Edinah,

Salamu kwanza, usije ukasema nimelelewa na mbuzi. Mimi niko fiti. Suleman bado ananilipa, mke wake Kuruthum bado ananilisha, na amesema nikiendelea kukaa mbele ya hiyo kompyuta nitaota macho ya mraba. Mwambie Bochaberi mdomo ni mali, asiufunge. Mjomba mwambie magoti yapakwe mafuta ya moto, na mwambie mimi pia namkumbuka, sana.

Sasa. Hiyo paa yako. Nimecheka mpaka Suleman akatoka nyuma ya kaunta kuuliza kama nimepata barua ya mapenzi. Nikamwambia hapana, ni paa. Akasema, "Kijana, wewe unahitaji mke."

Sikiza, nikueleze vile mimi mwenyewe nimejifunza, kwa sababu hakuna mtu alinifundisha, ni mimi na kamusi na yale maelezo ya Kiingereza ndani ya programu, usiku na mchana. Hii programu ni kama mtoto mtiifu lakini mjinga. Kila ukuta ya nje ukiipatia, inainua mteremko moja juu yake. Ukuta nne, miteremko nne, zinakutana huko juu, unapata hip safi kama kofia. Nyumba yako iko na kiwiko kama herufi L, hiyo si kitu, inaweza. Shida iko mahali pawili. Huo ukuta mrefu wa mbele umeuchora kwa vipande. Najua vile ilikuwa, uliacha katikati ukaenda kunywa chai, ukarudi ukaendelea. Kwa macho yako ni ukuta moja. Kwa programu ni mbili, na kila moja inadai mteremko wake. Hapo ndio shimo yako inatoka. Nimefuta, nimevuta mstari moja, shimo imekwisha.

Lakini hilo sikio la mbwa ni kitu ingine. Huko nyuma, ndani ya kiwiko, ukuta umepinda kama goti la mtu amechoka. Nani alichora hivyo? Programu ikifika hapo inachanganyikiwa, inainua miteremko mbili zinagombana kama wake wenza. Nyoosha tu. Mwambie mteja nyumba si nyoka.

Na mimi nachora yangu, nilikuwa nataka nikwambie. Ya Kosele, kwa ploti ya Mama. Pasaka nilienda na kamba nikapima yote, huo upande wa barabara ulioenda mshazari, choo, na kaburi ya Mama, yote iko ndani ya kompyuta sasa. Wewe unajua hiyo ploti vile ilipatikana, ulikuwa unabeba ndizi naye mpaka soko. Akaandikisha jina la mjomba kwa sababu walimwambia mwanamke hawezi kuwa na ploti. Mjomba akasema, "Ni yako, mimi ni jina tu." Dada, mimi sina baba wa kunionyesha mahali pa kujenga. Sina kwingine. Desemba nataka mjomba aje asimame na mimi hapo Kosele, apige jembe ya kwanza yeye, ndio majirani waone kijana wa Bathsheba amewekwa na mtu, hajajiweka. Mwulizie pole pole. Akiwa amekula.

Disketi inarudi na Mellen.

Mchoraji wenu asiye na cheti,
Kerosi


Homa Bay
14 Septemba 1997

Kwa Kerosi,

Natumai uko salama. Sisi tunashukuru Mungu. Bochaberi aling'oka jino akalificha chini ya jiwe, sasa kila asubuhi anaenda kuangalia kama limeota. Baba yuko. Mahindi ya huku yamekuwa mazuri.

Asante kwa shimo, kweli limeisha. Kontrakta mwenyewe alisimama nyuma yangu akaangalia, akasema, "Edinah, kumbe wewe una kichwa." Sikusema ni nani alifanya. Utanisamehe hilo.

Ukuta wa nyuma hauwezi kunyooshwa. Nimeuliza, mteja amekataa kabisa. Lazima upinde hapo hapo na kwa kiasi hicho hicho. Kama kuna njia nyingine ya kushinda hilo sikio la mbwa, nisaidie. Kama hakuna, niambie mapema, mteja ana haraka, anataka kuanza kabla ya mvua.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu kazi ni nyingi.

Dada yako,
Edinah


Migori
28 Septemba 1997

Dada Edinah,

Nimeipata. Nimeipata, nimeipata.

Ngoja, salamu. Hamjambo wote? Mimi sijambo. Kuruthum amejifungua kijana, wamemwita Abdisalam, analia kama honi ya lori. Haya, salamu imekwisha.

Kosa langu lilikuwa kungoja programu ijenge paa kutoka kwa ukuta. Nimekaa na hiyo goti siku nyingi, nikaipinda hivi, nikaipinda vile, inakataa. Halafu jana nilikuwa naangalia mafundi wanapiga paa ya duka hapo karibu na stendi, nikaona yule wa juu anafunga kamba kona mpaka kona na haangalii ukuta hata kidogo. Nani alisema paa lazima ifuate ukuta? Nilikimbia, dada. Niliacha chai.

Nimezima ile ya kujijenga yenyewe. Nimechora mstari wa paa peke yake, umenyooka, umepita juu ya hiyo goti kama daraja juu ya mto. Ukuta ukipinda ni shida yake huko chini, paa haijui. Kisha nikagawa, paa kubwa ya nyumba, na paa ndogo ya hicho chumba cha nyuma. Mteremko zote sawa kabisa, hapo ndio watu wanaanguka, ukiweka moja kali na ingine pole haziwezi kushikana. Nikasukuma ndogo mpaka ikauma kubwa, nikakata pale zinakutana, na ikatokea bonde moja, mstari mzuri unashuka kutoka juu mpaka ndani ya kiwiko. Nilizungusha hiyo nyumba nikaiangalia kutoka juu kama mwewe. Hakuna shimo. Hakuna sikio. Suleman alikuja, akavuta kiti, akasema, "Hii hata mimi ningelala ndani."

Kitu moja umwambie mteja. Bonde inakusanya maji ya miteremko mbili na kuimwaga mahali pamoja, pale ndani ya kona. Mvua ikija kubwa itakuwa kama bomba imepasuka. Aweke pipa hapo, itajaa haraka, mke wake atanishukuru.

Kwani hapo kwa goti kuna nini? Jiwe? Mti? Mimi ningeng'oa.

Ile mambo ya Desemba hukunijibu. Nimemwandikia mjomba mwenyewe na hajanijibu pia. Labda magoti. Mwambie si lazima achimbe sana, ashike jembe tu, nitashika naye.

Mwewe wa Migori,
Kerosi


Homa Bay
9 Novemba 1997

Kwa Kerosi,

Salamu zako nilipata. Mtoto wa Suleman Mungu amlinde. Hapa mvua ndiyo mnayoisikia kwa redio, na sisi tuko ndani yake. Njia ya kuja huku imekatika mahali na mahali, barua zinalala Rongo. Bochaberi alikuwa na homa lakini ameshapona. Baba amekonda.

Paa lako limekubaliwa. Kaunsil wamepitisha plani bila swali, na kontrakta ameniambia kuanzia Januari nitakaa kwenye kiti cha mchoraji. Ujenzi ulianza Oktoba. Fundi ni Onyancha, unamjua, anafanya haraka, kuta zimefika juu ya madirisha. Mteja anataka kuingia kabla ya Krismasi.

Hapo kwenye goti kuna kitu cha zamani. Hakiwezi kuguswa.

Nakutumia disketi nyingine. Hii ina ploti yote, mpaka, njia, choo, kila kitu, kama ilivyopelekwa kaunsil. Hakuna cha kurekebisha. Ifungue tu, uangalie yote. Halafu uniandikie, au usiniandikie.

Edinah


Migori
18 Novemba 1997

Edinah,

Sijauliza habari. Habari nimeona.

Nilifungua disketi yako nikaona mpaka wa ploti, nikaambia moyo wangu, huu mshazari naujua. Nikafungua nyumba yangu ya Kosele nikaiweka juu ya yako. Mpaka ikalala juu ya mpaka. Choo ikakaa juu ya choo. Kaburi ya Mama mimi nilikuwa nimeichora na mstari mwekundu, na hiyo mstari mwekundu ikakaa ndani ya kiwiko, pale pale, hivi vizuri kama yai ndani ya mkono. Ukuta umekunja goti kumpisha Mama yangu.

Na mimi niliandika ningeng'oa.

Suleman alinikuta nimekaa tu. Akasema, "Vipi, umeona jini?" Nikamwambia plani imekosea. Akasema, "Si urekebishe, wewe ndio daktari." Nikatoka nje nikasimama kwa mvua kama mjinga.

Mteja anataka. Mteja amekataa. Mteja ana haraka. Hilo neno ulijifunika nalo kama leso. Ni nani, Edinah? Mjomba ameuza? Anajenga yeye? Bado hujasema hata sasa, umeacha disketi iseme, kama mtu anaweka maiti mlangoni anabisha hodi anakimbia.

Ungeniambia Agosti. Ningekuja Homa Bay nipige kelele kwa mlango yako mpaka Bochaberi alie, halafu ningekula ugali yako na omena na nirudi nimekasirika, na ingekuwa hivyo, mambo ya watu wa nyumba moja. Lakini ulinipa nichore. Nimetumia akili yangu yote kujenga nyumba ya kunifungia nje, na nilikuwa na furaha. Hiyo ndio inaniuma. Niliacha chai, nikakimbia. Unakumbuka niliandika nilikimbia?

Siku ya kumzika Mama wewe ndio ulinishika mkono. Mchanga ilikuwa bado kwa viatu yetu. Ukaniambia, "Hapa ni kwako, Kerosi, hakuna mtu atakutoa." Mjomba alikuwa hapo karibu, akasikia, akaitikia amina. Mimi nimeishi na hiyo amina mpaka leo.

Sasa sikia kitu kimoja, na hii si ya hasira. Hiyo paa isipigwe. Nilinyoosha mstari juu ya goti, unakumbuka. Kwa hivyo ukuta wenu uliinama kumpisha, lakini paa yangu haikuinama. Imetokeza mpaka juu yake. Na ile bonde niliyojisifia, maji ya nyumba karibu nusu, inamwagika pale. Juu yake. Na mvua hii. Mwambie Onyancha angojee. Nitachora ingine, nitaichora bure, nitaichora hata kama ni ya shetani, lakini hiyo isipigwe.

Hii nampa mtu wa kwanza anayepita Rongo. Usiku mwema au mbaya, utachagua.

Kerosi


Homa Bay
14 Desemba 1997

Kwa Kerosi,

Barua yako imenifikia juzi. Ilikaa Rongo mpaka wino ukatembea, lakini niliweza kuisoma. Mabati yalikuwa yameshapigwa.

Najua hutaki salamu. Bochaberi anakuulizia kila siku, kwa hivyo nimeziandika kwa niaba yake.

Mteja ni mimi.

Baba aliniita mwezi wa sita. Akasema, "Edinah, wewe huna mume na una mtoto. Kule Kisii nikikukatia hata pembe ya shamba ndugu zako watanichoma na nyumba. Ile ya Kosele haina mwenyewe." Nikamwambia ina mwenyewe, ni ya Kerosi. Akasema, "Kerosi ana baba mahali fulani, amtafute baba yake. Mtoto wa dada hawezi kurithi kwa mjomba, hata Waluo wa Kosele watatucheka." Nikamwambia ni ndizi za shangazi zilinunua ile ploti. Akasema, "Jina ni la nani?" Hapo sikubishana tena. Naweza kukuandikia kwamba nilikuwa nafikiria Bochaberi, na ni kweli, lakini nilikuwa nafikiria mimi pia. Nimepanga chumba tangu nizae. Nilitaka mlango ambao hakuna mtu ataugonga mwisho wa mwezi.

Alitaka kaburi lisawazishwe. Alisema ni udongo tu, yule tutamwona siku ya ufufuo, na nyumba ya mraba ni rahisi kuezeka. Hapo ndipo nilikataa. Nilimwambia kaburi likiguswa sijengi. Mimi ndiye nilipinda ule ukuta, Kerosi. Sikujua kuchora, nilivuta kidogo kidogo mpaka ukampita. Nilidhani nimefanya kitu. Nilidhani siku moja utakuja uone kwamba nyumba imemwinamia, na hilo litapunguza.

Mvua ya kwanza baada ya mabati nilikuwa ndani. Nilisikia maji yakishuka hapo nyuma, si kama mvua, kama mtu anamwaga debe baada ya debe. Asubuhi udongo ulikuwa umeshuka upande wa kichwa. Nimeweka pipa, linajaa kabla sijafunga mlango. Nimeweka mawe, yanasukumwa. Onyancha anasema yeye alifuata plani. Baba haji nyuma ya nyumba.

Niambie, kwa ile programu, bonde linahamishwaje? Kuna namna ya kuligeuza lishukie upande mwingine? Chumba cha nyuma ni cha Bochaberi, tayari ameweka vitu vyake. Nitafanya utakavyosema.

Sijui pole ya jambo kama hili inaandikwaje. Kwa hivyo sijaiandika.

Edinah


Migori
4 Januari 1998

Edinah,

Bochaberi nimepata salamu zake. Mwambie jino haioti.

Bonde haihamishwi. Nimeigeuza kila namna. Ukiinua paa ndogo bonde inapanda lakini mdomo wake unabaki pale pale. Ukiondoa hip uweke ya pande mbili, maji ya pale nje inapungua kidogo, ya kiwiko haisikii. Nyumba ikiwa na kiwiko maji italala kwa kiwiko, programu haina la kusema hapo, hata Mungu aliumba hivyo. Njia ya kumaliza kabisa ni moja, chumba cha nyuma kiondoke, nyumba ibaki mraba. Nilibonyeza. Kikaisha. Nikakaa nikaangalia nyumba bila chumba ya Bochaberi, paa nne safi, hakuna bonde, Mama yuko pakavu. Halafu nikabonyeza kurudisha.

Kwa hivyo nilikuja Kosele. Hukujua, na ndivyo nilitaka.

Mafundi wa jua kali hapa Migori walinikunjia gata ya kushika maji ya paa, si hizi za kawaida, pana kama hori ya ng'ombe, kwa sababu gata ya kawaida mvua hii ingeiruka. Nilichagua jana Sabato nikijua mtakuwa kanisani wote. Pale njia imekatika nilibeba kwa kichwa. Nilipofika mlango ulikuwa na kufuli. Nilizunguka nyuma moja kwa moja, sikuchungulia dirisha. Nyumba ni nzuri. Onyancha alifuata plani, ni kweli, alifuata mpaka mwisho, nimeona kila mstari wangu umesimama hapo kwa mabati.

Kichwa ya kaburi ilikuwa imebonyea, maji imekaa ndani, nyekundu. Nilitoa maji na karai yako. Nikajaza udongo kavu kutoka chini ya dirisha lako, hapo utaona shimo, usimlaumu mbwa. Nikapanga mawe. Halafu nikapanda juu nikafunga gata kwa mdomo ya bonde, nikaipitisha kiwiko yote, na bomba nimeielekeza mpaka mtaro wa barabara. Uwe unatoa majani. Ikiziba maji itarudi kwake, na mimi sitakuwa hapo.

Mjomba atasema nimefanya kazi Sabato. Mwambie asome Biblia mwenyewe, ng'ombe akianguka shimoni siku ya Sabato unamtoa. Mimi wangu alikuwa shimoni na maji inaingia.

Ile nyumba yangu nimeifuta kwa kompyuta. Mstari mwekundu nimeuacha.

Nikiwa juu ya ngazi Mama Dolphine, yule jirani wa Mama, alitoka ng'ambo ya ua na fimbo yake. Macho yake yameingia ukungu kabisa sasa, alikuwa anaangalia karibu na mimi, si mimi. Akauliza, "In ng'a?" Kwa Kijaluo, wewe ni nani. Nikamwambia mimi ni fundi wa gata.

"Ber," akasema. Vizuri. "Afadhali umekuja. Hiyo maji ilikuwa inamtesa huyo mama, mimi usiku nalala naisikia. Alikuwa rafiki yangu. Alikuwa ananipea ndizi zile zimeiva sana."

Nikaendelea kupiga.

"Alikuwa na kijana mmoja," akasema. "Hakuwa anatembea huyo, alikuwa anakimbia tu. Sijui alipotelea wapi. Si angekuwa hapa amfanyie mama yake hii kazi, badala ya mtu wa kununuliwa?"

Nilikuwa na misumari kwa mdomo.

Kerosi